Matunda Yana Bei, Shina Halina

Mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme la Kihansi ukiwa umekwisha kuanza, watafiti waliokagua korongo lililo chini yake, pale milima ya Udzungwa inapoangukia bonde la Kilombero, walikuta chura ambaye sayansi haikuwa imemjua. Mkubwa wake hafiki sentimita tatu. Rangi yake ni ya manjano, na tofauti na vyura wengi hatagi mayai majini, bali huzaa watoto waliokwisha kukamilika viungo. Makao yake yote duniani yalikuwa kama hekta mbili za majani na mawe yaliyolowanishwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko. Bwawa lilipoanza kazi mwaka 2000, zaidi ya asilimia 90 ya maji ya mto yaligeuziwa kwenye mitambo yenye uwezo wa megawati 180, na manyunyu yakakatika. Vyura 499 walikusanywa wakapelekwa kwenye bustani ya wanyama huko Marekani. Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji mahali pa maporomoko. Mwaka 2003 vyura waliobaki walipukutika ghafla, maradhi ya kuvu yakiwa miongoni mwa sababu zilizotajwa, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hawapo tena porini. Mwaka 2012 vizazi vya wale waliopelekwa ng'ambo vikaanza kurudishwa nyumbani, waishi chini ya mvua ya mabomba.

Kisa hiki ni mtihani mgumu kwa swali ambalo siku hizi huulizwa katika wizara, benki za maendeleo na mikutano ya mazingira: je, tuyape maumbile thamani ya fedha? Ni mtihani mgumu kwa sababu chura wa Kihansi hamfanyii mtu kazi. Hachavushi mashamba, hachuji maji, hazuii mawimbi, wala hajazi ndege watalii. Upande wa pili wa mizani palikuwa na umeme wa hospitali, viwanda na nyumba katika nchi ambayo wengi wa watu wake waliishi gizani. Anayetaka kujua kama hesabu ya fedha inatosha kutuongoza katika kuishi na maumbile na aanzie hapa, asianzie kwenye msitu ambao kila mtu anakubali una faida. Hoja yangu ni kwamba kuhesabu faida tunazozipata kwa maumbile ni halali, na mara nyingine ni wajibu. Lakini hesabu hiyo ni ya matunda tu. Shina linalozaa matunda hayo hatuna ruhusa ya kulitia bei, kwa kuwa hatuna ruhusa ya kuliuza. Tofauti hii haikuja na wataalamu wa jana. Watu wa upwa wa Afrika Mashariki wameijua na kuitungia taratibu kwa karne nyingi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wachumi walioanza kuyaingiza maumbile katika daftari hawakusukumwa na tamaa. Waliona kwamba jambo lisilo na tarakimu, likifika mezani pa waziri wa fedha, huandikwa sifuri. Mwaka 1997 Robert Costanza na wenzake walichapisha katika jarida la Nature makadirio kwamba huduma za mifumo ya ikolojia duniani, kuanzia uchavushaji hadi udhibiti wa mafuriko, zilikuwa na thamani ya wastani wa dola trilioni 33 kwa mwaka, wakati ambapo pato la mataifa yote kwa pamoja lilikuwa kama trilioni 18. Wachumi wenzao waliwajia juu. Bei, walisema, hupima kidogo kinachoongezwa au kupunguzwa: ekari moja zaidi ya msitu, debe moja zaidi la maji. Haiwezi kupima hewa yote wala maji yote, kwa sababu hakuna mnunuzi aliyesimama nje ya dunia akisubiri kuvilipia. Pingamizi hilo lilikuwa sahihi, na lilibeba mzigo mzito kuliko waliolitoa walivyokusudia: lilikiri kwamba ipo mipaka ambayo, ukishaivuka, lugha ya bei haisemi kitu tena.

Hata hivyo faida ya kuhesabu ni ya kweli. Huko India, tumbusi walianza kufa kwa mamilioni katika miaka ya 1990 kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki, na baadhi ya aina zao zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95. Hakuna bajeti ya serikali iliyokuwa na fungu la tumbusi. Mizoga ikaoza mashambani, mbwa koko wakazaana, maji yakachafuka. Utafiti wa Eyal Frank na Anant Sudarshan, uliochapishwa mwaka 2024, ulikadiria kwamba kutoweka kwa ndege hao kulisababisha vifo vya ziada vya watu wapatao nusu milioni katika kipindi cha miaka mitano. Ndege anayeepukwa kwa karaha alikuwa akiwalinda watu bila mshahara. Karibu na kwetu, jiji la Nairobi hupata takriban asilimia 95 ya maji yake kutoka bonde la Mto Tana, na udongo unaomomonyoka mashambani hujaza mabwawa na kuongeza gharama za kusafisha maji. Mwaka 2015 ulipoanzishwa mfuko wa maji wa Tana ya juu, hesabu ilionyesha kwamba dola milioni 10 zikitumika kuwasaidia wakulima kulima kwa matuta na kushikilia udongo, zingerudisha faida ya dola milioni 21.5 katika miaka 30. Usione vyaelea, vimeundwa: hesabu ya namna hii humwonyesha mtu wa mjini kwamba maji ya bombani kwake yana mkono wa mkulima na kivuli cha mti ndani yake.

Shida inaanza tunapouliza tarakimu zinachotwa wapi. Pale pasipo na soko, mchumi huwauliza watu wangekuwa tayari kulipa kiasi gani ili kitu kisipotee. Njia hii ilipata umaarufu baada ya meli ya mafuta Exxon Valdez kupasuka huko Alaska mwaka 1989. Kaya za Marekani zilihojiwa, na hasara ya kuchafuliwa kwa mwambao ambao wengi wao wasingeuona maishani ikakadiriwa kuwa dola bilioni 2.8. Lakini utayari wa kulipa hufuata uwezo wa kulipa. Mwanamke anayeokota chaza na kuni kavu katika mikoko, na mwekezaji anayetaka mikoko hiyo hiyo ikatwe ili wageni wake waione bahari kutoka barazani, hawana sauti sawa katika hesabu hii. Shilingi ndiyo kura, na mmoja wao ana kura nyingi mno. Ripoti itasema mikoko ina thamani ndogo kwa mwanamke yule, hali ukweli ni kwamba mwanamke yule ana pesa kidogo. Bei itakuwa imepima umaskini, kisha ikauandika kana kwamba ni sifa ya msitu.

Shida ya pili ni ya wakati. Katika tathmini za miradi, faida ya mbele hupunguzwa kwa asilimia fulani kila mwaka ili ilinganishwe na faida ya leo. Shilingi bilioni 1 ya Tanzania itakayopatikana baada ya miaka 100, ikipunguzwa kwa asilimia 5 kwa mwaka, ina thamani ya shilingi milioni 7.6 tu leo. Kwa asilimia 10, kiwango ambacho benki za maendeleo zimekitumia mara nyingi, inabaki kama shilingi 72,600, pesa isiyotosha kununua mbuzi wa maana. Kwa mfanyabiashara anayepanga kununua lori hakuna ubaya wowote, maana fedha za leo zinaweza kuzaa na lori litachakaa. Ukiiweka hesabu hiyo hiyo juu ya chanzo cha maji, maana yake ni kwamba kiu ya vitukuu wetu ina uzito mdogo kuliko kitoweo cha wiki hii. Frank Ramsey, mwanahisabati wa Cambridge, aliandika tangu mwaka 1928 kwamba kuwapunguzia uzito watu wa baadaye kwa sababu tu wako mbali nasi kwa wakati ni kosa la kimaadili. Asilimia ile haikuokotwa msituni. Ni uamuzi kuhusu watu wasiokuwapo kujitetea, uliovishwa nguo za hisabati.

Ya tatu ni kigeugeu cha soko. Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019. Mwaka uliofuata, kwa sababu ya korona, walikuja takriban 620,000. Mwaka huo huo nyumbu wa Serengeti waliuvuka Mto Mara kama walivyouvuka miaka yote. Kama thamani ya nyumbu ni fedha za wageni wanaokuja kumtazama, basi alipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kwa ugonjwa ambao haukumgusa hata unyoya. Upande wa Kenya, katika hifadhi za jamii zinazoizunguka Maasai Mara, wenye ardhi hulipwa pango na kampuni za utalii ili waache nafasi kwa wanyama; hoteli zilipofungwa, pango likayumba. Aliyefundishwa kumvumilia simba kwa sababu ya pango alikuwa na haki ya kuuliza amvumilie kwa sababu gani pango lisipokuja. Elimu iliyojengwa juu ya bei peke yake haikuwa na jibu la kumpa.

Chini ya shida hizi tatu ipo moja ya kifalsafa. Immanuel Kant aliandika mwaka 1785 kwamba chenye bei ni kile kinachoweza kuwekewa kingine kinacholingana nacho, na kilicho juu ya kila bei kina hadhi. Watetezi wa mazingira hupenda kumtaja, lakini ni vyema kuwa waangalifu: Kant aliitoa hadhi hiyo kwa viumbe wenye akili na utashi peke yao, na chura wa Kihansi asingemtikisa. Tunachoweza kukiazima kwake ni nusu ya kwanza ya hoja. Kutia bei ni kudai kwamba mbadala upo. Shoka likipotea litanunuliwa jingine, na bei ya shoka ni kipimo cha haki cha hasara. Aina ya kiumbe ikishatoweka haina duka inakouzwa, hata ukiwa na fedha za dunia nzima. Kilichoweza kununuliwa Kihansi ni mabomba, na gharama ya mabomba wahasibu wanaijua. Lakini hiyo ni bei ya mabomba. Ripoti inayoiandika katika safu ya thamani ya maporomoko imebadilisha swali bila kumwarifu msomaji.

Je, tukikataa kulitia bei shina tutabaki na nini zaidi ya masikitiko na hotuba? Tutabaki na utaratibu ambao upwa huu umeuishi tangu Uislamu ulipotia mizizi: wakfu. Mapokeo yanasimulia kwamba Umar ibn al-Khattab alipata shamba zuri huko Khaybar, akamwendea Mtume kumwuliza alifanyie nini. Alielekezwa alizuie shamba lenyewe na kuyatoa sadaka mazao yake: lisiuzwe, lisitolewe zawadi, lisirithiwe, na msimamizi wake ale kwa kiasi cha desturi bila kujilimbikizia mali. Kwa kanuni hiyo misikiti, visima, minazi na nyumba viliwekwa wakfu Unguja, Lamu na Mombasa, na hadi leo Zanzibar na Kenya zina tume za serikali za kusimamia mali hizo. Tazama jinsi utaratibu huu unavyoikaribisha hesabu. Msimamizi lazima ajue nazi ngapi zimeangushwa na zimeuzwa kiasi gani, pango la nyumba ni shilingi ngapi, paa litaezekwa kwa fedha zipi. Asiyeweka hesabu amehini. Na bado hesabu yote hiyo haimsogezi hata hatua moja kuelekea haki ya kuliuza shamba. Mlinzi na dalali wanaweza kushika tarakimu moja mkononi, mmoja akaitumia kujua anachopaswa kukilinda na mwingine kujua aanzie wapi kunadi.

Msomaji anaweza kuuliza ni nani aliyeyaweka maumbile wakfu. Muumini ana jibu karibu. Katika mafunzo ya Kurani, mwanadamu ni khalifa katika ardhi iliyowekwa kwa mizani, na mizani hiyo ameonywa asiivuruge. Ufalme si wake. Katika kitabu cha Mwanzo, mtu anawekwa bustanini ailime na kuitunza, amri mbili zinazokwenda pamoja, na Papa Fransisko aliirudia hoja hiyo mwaka 2015 katika waraka wake Laudato Si'. Wazee wa Mijikenda, kwa njia yao, walizilinda kaya zao, yaani misitu yao mitakatifu, kwa miiko juu ya mti gani usikatwe na nani asiingie. Lakini hata asiye na dini hatoki kirahisi katika hoja hii. Haki ya kuuza hutokana na kutengeneza, kununua, kurithi au kupewa. Maporomoko hakuyatengeneza mtu. Tuliyarithi, ndiyo, ila warithi wengine wapo njiani na hawajazaliwa, na mrithi mmoja hawezi kuuza mirathi ambayo haijagawanywa. Kwa njia zote mbili tunafika pale pale: tuna haki ya kula, hatuna haki ya kumaliza.

Mfano wa kanuni hii ikifanya kazi uko Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya. Tangu mwaka 2013 wanavijiji wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hati za kaboni zenye uzito wa kama tani 3,000 kwa mwaka. Mapato yake ni ya kiasi, lakini yamesaidia maji safi na shule. Hapo mkoko haukuuzwa, wala ardhi haikubadili mkono. Kilichouzwa ni kazi ya mwaka, na mwaka ujao msitu utakuwapo kuifanya tena, huku samaki wakizaliana mizizini mwake na ufuo ukikingwa, huduma ambazo hati ya kaboni haizitaji. Mashaka nayo yapo. Hati hiyo ikimpa mnunuzi wa mbali ruhusa ya kuendelea kufukiza moshi ambao angeweza kuupunguza, basi tunda la Gazi limetumika kufunika shina linalokatwa mahali pengine, yaani hewa ya dunia yenyewe. Kwa hiyo swali la kuuliza kila mradi wa kaboni ni rahisi kulitamka: bei ikianguka hadi sifuri, je, kijiji bado kina sababu ya kuulinda msitu, na je, mnunuzi bado ana wajibu wa kupunguza moshi wake? Jibu likiwa ndiyo mara mbili, fedha ni tunda. Likiwa hapana, shina limekwisha ingia sokoni kimyakimya.

Pingamizi la kwanza, na zito kuliko yote, ni kwamba maneno haya ni anasa ya walioshiba. Mzazi anayejifungua kwa mwanga wa kibatari haulizi habari za hadhi ya chura. Pingamizi hili lina haki ya kusikilizwa, na Julius Nyerere alilielewa. Katika tamko lake la Arusha la Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, aliwataja wanyamapori kama chemchemi ya mshangao kwa mwanadamu na papo hapo kama sehemu ya riziki ya taifa. Hakuona lazima ya kuchagua kimoja. Wakfu nao haukuwahi kuwa utaratibu wa njaa, kwani kusudi lake zima ni watu wapate kula. Hata kubadilisha mali ya wakfu kumejadiliwa na wanazuoni: madhehebu ya Hanafi yaliufungua mlango huo zaidi, na ya Shafi, yanayofuatwa sehemu kubwa ya pwani hii, yaliubana sana. Wanaouruhusu hudai masharti: haja iwe ya kweli, kadhi aidhinishe, na kitakachochukua nafasi kitumikie lengo lile lile. Huenda umeme wa Kihansi ungefaulu kwenye sharti la haja. Kasoro kubwa ilikuwa ya mpangilio: korongo lilikaguliwa vilivyo wakati zege limekwisha kumwagwa, na swali la kama jambo hili linaruhusiwa likaulizwa pale ambapo jibu la hapana halikuwezekana tena.

Pingamizi la pili linasema utakatifu umekwisha jaribiwa na umeshindwa. Kaya za Mijikenda, ambazo baadhi yake ziliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, zilimegwa kwa miongo mingi kadiri ardhi ya pwani ilivyopanda bei na vijana walivyoacha kuwasikiliza wazee. Tangu mwaka 1992 serikali ya Kenya imelazimika kuzitangaza kuwa kumbukumbu za taifa ili ziwe na kinga ya sheria. Mabomu ya kuvulia samaki yamelipuka katika maji yanayosikika adhana mara tano kwa siku. Na si wakfu wote umesalimika, kwani wasimamizi waliokula shina wapo katika historia ya pwani. Yote ni kweli. Inachothibitisha ni kwamba mwiko usio na mlinzi wala riziki haudumu, na ndiyo maana wakfu una msimamizi na una matunda. Lakini bei isiyo na mwiko nayo imejaribiwa. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 utafiti wa vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, ambako wazazi waliochelewa kuwachukua watoto walianza kutozwa faini. Waliochelewa waliongezeka, karibu maradufu, na faini ilipoondolewa hawakupungua. Wazazi waliona wamenunua haki ya kuchelewa, na aibu iliyokuwa ikiwazuia haikurudi. Kwenye kisiwa cha Misali, magharibi mwa Pemba, njia zote mbili ziliunganishwa mwishoni mwa miaka ya 1990: sheria ya hifadhi na haki za wavuvi, pamoja na mafunzo ya misikitini juu ya ukhalifa na mizani, kwa wavuvi ambao tayari walikihesabu kisiwa hicho kuwa mahali pa baraka. Hapo dini haikuambiwa ikae pembeni ipishe uchumi.

Pingamizi la tatu ni la kijanja zaidi. Linasema hakuna namna ya kukwepa bei: kila uamuzi umebeba bei ndani yake, na taifa lililojenga Kihansi limekwisha tamka kwamba maporomoko yana thamani ndogo kuliko megawati 180. Hapa ndipo hoja ya bei inapojikwaa vibaya zaidi. Uamuzi hutuonyesha tulichokiacha ili tupate kingine. Hautuonyeshi kwamba viwili hivyo vililingana. Anayelipa bei kamili hadaiwi kitu, na daftari lake limefungwa. Kihansi daftari halikufungwa. Maji yalikwisha geuzwa na umeme ulikwisha patikana, na bado Tanzania, iliyokuwa imeridhia Mkataba wa Bayoanuwai mwaka 1996, pamoja na wafadhili wake, iliendelea kwa zaidi ya miaka kumi kugharamia mabomba, ufugaji wa vyura na maabara, kwa ajili ya kiumbe ambaye hesabu yoyote ya faida ingemwacha afe. Gharama hizo hazielezeki kama uwekezaji. Zinaeleweka kama malipo ya deni, na deni huwapo pale tu ambapo kitu kimechukuliwa bila fidia inayokitosha. Waliolalamika kwamba chura amekula fedha nyingi walikuwa wakiitazama hesabu ya soko. Waliozitoa fedha hizo, hata kama hawakulisema, walikuwa wakifuata hesabu ya amana.

Kinachofuata kutoka hapa ni utaratibu wa kazi zaidi ya marufuku. Tathmini ya mradi wowote unaogusa mto, msitu au mwamba wa matumbawe na ianze kwa kulitaja shina kwa vipimo vyake lenyewe: hekta ngapi, mita ngapi za ujazo za maji katika mwezi wa kiangazi, aina zipi zisizopatikana pengine. Hili linawezekana, kwani mfumo wa hesabu za ikolojia uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2021 huweka vipimo hivyo vya asili kwanza, na fedha hufuata baadaye. Kisha uwekwe wazi mpaka ambao mradi hauruhusiwi kuuvuka, na mpaka huo ujadiliwe na wanaoishi hapo, wanazuoni wao, wazee wao na wataalamu, kila mtu kwa sauti na wala si kwa mkoba. Ndani ya mpaka huo hesabu ya fedha iingie kwa nguvu zote: maji yana faida gani, mikoko inaokoa nini, nani anakula matunda na nani anabeba gharama. Hapo mchumi ni msaidizi mkubwa wa haki, kwa sababu wizi mwingi wa maumbile hufanyika palipo na sifuri katika daftari.

Msimamizi wa amana huulizwa mambo mawili mwisho wa mwaka: matunda umeyapeleka wapi, na shina liko salama? Kwa karne moja au zaidi tumeyatumia maumbile bila kuulizwa hata moja kati ya hayo, na wachumi wametufanyia hisani kwa kutufundisha kujibu la kwanza kwa tarakimu zinazoweza kukaguliwa. La pili tarakimu za fedha haziwezi kulijibu, hata ziwe kubwa namna gani. Litajibiwa na msimamizi anayeweza kuwachukua wakaguzi wake, pamoja na wale watakaokuja baada yao, akawaonyesha kitu chenyewe kikiwa bado mahali pake.